Watoto na Magari katika Jua la Kimwani

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hugeuka tanuri hata katika nchi yenye hewa ya wastani, na mkoa wa Kagera nchini Tanzania unafaa kuwa mfano wa jambo hilo. Mji wa Bukoba uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na joto lake la mchana huzunguka nyuzi 26 mwaka mzima. Mvua yake hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu anayesafiri kusini kupitia Muleba hadi Kimwani, kwenye mpaka wa Biharamulo, huona mvua ikipungua, migomba ikiachana nafasi na mbuga za nyasi zikitanuka. Jua la huko ni kali zaidi, lakini bado si jua la Dodoma wala la Muscat. Ndiyo maana hatari ya mtoto kuachwa ndani ya gari ilichelewa kuonekana katika upande huu wa ziwa: watu walipima hatari kwa hewa ya nje, na hewa ya nje haikuwa na ubaya.

Kimwani yenyewe ilikuwa utemi mdogo uliobanwa kati ya tawala za Ihangiro na Rusubi, na mamlaka ya watemi wake yalikwisha pale Tanganyika ilipoondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Kwa karne nyingi kabla ya hapo safari za watu wa huko zilikuwa za miguu na mitumbwi. Mtoto mchanga alisafiri mgongoni, amefungwa kwa ngozi laini au kitambaa cha magome ya mti, na baadaye kwa kanga na vitenge vya dukani. Mbeleko ilikuwa na faida ambayo haikuhitaji kuelezwa. Mwili wa mtoto uligusana na mwili wa mama, kwa hiyo mama alihisi jasho, homa, kiu na hata ukimya usio wa kawaida kabla hajageuka kumtazama. Safari ndefu zilianza alfajiri, na katikati ya mchana wasafiri walipumzika penye kivuli. Mwanzoni hata kuja kwa wageni hakukubadili jambo hili. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na wamisionari walipojenga misheni ya Kashozi mwaka 1892, mizigo yao ilikuja kwa mabega ya wapagazi na kwa mitumbwi.

Magari yaliingia kwa wingi wakati wa utawala wa Waingereza, na kilichoyaleta ni kahawa. Bei nzuri za miaka ya 1920 ziliwapa Wahaya, wenyeji wa Kagera, fedha za kununua baiskeli, mabati na, kwa waliofanikiwa zaidi, magari. Malori yalikuwa zaidi ya wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, na baadaye ya ushirika: Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba kilichoundwa mwaka 1950 kilikusanya kahawa ya vyama vya msingi kutoka vijijini hadi kwenye mitambo na bandarini. Lori lililoshusha magunia mjini halikurudi tupu. Lilipakia chumvi, mafuta ya taa, mabati, na watu.

Kwa mtoto, lori la wazi lilikuwa chombo cha hatari nyingi, ila hatari ya kufungiwa joto haikuwamo. Alikaa juu ya magunia kati ya magoti ya mkubwa wake, akipigwa na vumbi, upepo na mvua, na akiwa katika hatari ya kurushwa pale tairi lilipoingia shimoni. Mama mwenye kichanga mara nyingi alipewa nafasi mbele, kando ya dereva, kwa heshima ya mtoto zaidi kuliko ya abiria. Huko mbele kulikuwa na joto la injini lililopenya sakafuni, lakini vioo vilishushwa kwa mkono na kwa kawaida vilibaki chini. Lori la zamani la Bedford lilivuja upepo kila upande. Ubovu wa mpira wa milango, uliomkera mwenye lori, ulimsaidia mtoto kupumua.

Hatari iliyoletwa na jua siku hizo ilikuwa nje ya gari. Lori lililosimama gulioni mchana lilikuwa kivuli kilichokuja chenyewe, na watoto waliingia chini yake kucheza au kulala. Dereva aliyewasha injini bila kukagua angeweza kumkanyaga mtoto ambaye hakuna aliyemwona akiingia. Kwa hiyo kazi ya taniboi, msaidizi wa dereva, haikuwa kupakia na kuweka kigingi nyuma ya tairi tu. Alizunguka gari, akainama, akapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti kabla dereva hajaondoa mguu kwenye breki. Hakuna kanuni ya serikali iliyomfundisha hivyo. Ilikuwa desturi ya kazi, na mtu anayetaka kujua usalama wa watoto ulianzia wapi katika barabara za Kagera hana budi kumtaja taniboi kabla ya kutaja sheria yoyote.

Miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 magari yalipungua badala ya kuongezeka. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikaadimika, na serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilivunja daraja la Kyaka na kuyapeleka magari mengi jeshini. Vijijini Muleba gari lililoonekana mara kwa mara lilikuwa Land Rover ya wilaya, ya misheni au ya hospitali kama Rubya na Ndolage, na gari la namna hiyo halikuachwa na mtoto ndani. Lilikuwa na dereva wake, aliyelilinda kuliko alivyolinda kofia yake.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yalianza kuingia nchini. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, hivyo usukani ulikuwa tayari mahali pake. Hiace zikachukua nafasi ya malori ya abiria, zikaja Noah, na katika njia za Kanda ya Ziwa zikatawala gari ndogo za Probox ambazo watu huziita michomoko. Kwa mara ya kwanza familia ya mwalimu, muuguzi au mchuuzi wa samaki iliweza kuwa na gari lake uani.

Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye theluji na viyoyozi. Milango yake inabana sawasawa na mpira wake haupitishi hewa. Katika baadhi ya mabasi madogo na magari ya familia, vioo vya nyuma havifunguki kabisa au hufunguka nusu. Vioo vya umeme havishuki bila ufunguo, na kitufe kimoja hufunga milango yote. Kufuli la mtoto kwenye milango ya nyuma, lililowekwa ili asianguke barabarani, humzuia pia kutoka gari likiwa limesimama. Mwenye gari huongeza karatasi nyeusi kwenye vioo kwa ajili ya urembo na faragha, na mpita njia hawezi tena kuona kilichomo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina sababu nzuri. Vikikutana katika gari moja saa saba mchana, hutengeneza kisanduku ambacho mtoto wa miaka 3 anaweza kuingia na hawezi kutoka.

Safari nazo zilirefuka. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, wengi wa Kagera waliliogopa ziwa na kuhamia barabarani. Lami ilisogea hatua kwa hatua, kutoka Mutukula hadi Muhutwe, kutoka Muhutwe hadi Kagoma, kisha kusini kupitia Muleba kuelekea Biharamulo na Lusahunga, ikipita Kyamyorwa kwenye nchi ya Kimwani. Basi la Mwanza lilianza kupita pale ambapo zamani mtu aliteremka ziwani kutafuta mtumbwi. Mahali pagumu kwa watoto palikuwa Busisi, kwenye Ghuba ya Mwanza. Foleni ya kusubiri kivuko cha kwenda Kigongo ilisimamisha magari juani kwa muda mrefu, na wenye watoto waliteremka kutafuta kivuli cha vibanda vya wauza samaki. Abiria walilazimika kushuka wakati gari likiingia kivukoni, sharti lililolalamikiwa sana na ambalo, bila kukusudiwa, lilihakikisha kwamba kila mtoto aliamshwa na kushikwa mkono. Daraja la kilomita 3 lililofunguliwa hapo Juni 2025 limeondoa foleni, na mtoto aliyelala sasa huvuka ghuba bila kufumbua macho.

Sababu ya gari kupata joto kupita hewa ya nje inaeleweka vizuri. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo na kupiga dashibodi, usukani na viti. Vitu hivyo hupata moto na kutoa joto la aina ambayo kioo hakiipitishi kwa urahisi kurudi nje. Hewa iliyofungiwa ndani huguswa na vitu hivyo vya moto, hupanda joto, na haina pa kwenda. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya gari lililosimama juani siku ambazo hewa ya nje ilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Kwa wastani joto la ndani lilipanda nyuzi 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, kama asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Siku ya nyuzi 22 ndani ya gari palifika nyuzi 47. Kuacha kioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana.

Nyuzi 22 ni asubuhi ya kawaida Bukoba baada ya mvua. Vipimo hivyo vinalihusu eneo hili kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa tahadhari za joto redioni na magazetini huzungumzia Dar es Salaam, Tanga na mikoa ya kati, na msikilizaji wa Kamachumu wilayani Muleba hujiona yuko salama kwenye ukungu wake. Tena Kagera iko karibu sana na ikweta. Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa karibu utosini kabisa, na mawingu yakitawanyika kwa saa moja tu, saa hiyo inatosha.

Kivuli husaidia, lakini kidogo kuliko inavyoaminiwa. Utafiti uliofanywa Arizona na kuchapishwa mwaka 2018 ulipima magari katika siku zenye joto la zaidi ya nyuzi 38. Baada ya saa moja juani hewa ya ndani ilikuwa na wastani wa nyuzi 47 na dashibodi nyuzi 69. Kivulini hewa ya ndani ilikaribia nyuzi 38. Watafiti walikadiria kwamba mtoto wa miaka 2 angeweza kufikia hali ya kuhatarisha maisha kwa muda wa saa moja hivi juani, na chini ya saa mbili kivulini. Kivuli cha mwembe au mwarobaini kina shida nyingine pia: kinahama. Gari lililoegeshwa kivulini saa nne asubuhi, misa inapoanza, linaweza kuwa juani kabla ya baraka ya mwisho.

Mtoto mdogo huathirika upesi kwa sababu mwili wake hupanda joto mara tatu hadi tano kwa kasi ya mwili wa mtu mzima. Uwezo wake wa kujipoza kwa jasho haujakomaa, na maji aliyonayo mwilini ni machache. Joto la mwili likifika nyuzi 40, kiharusi cha joto huanza: mtoto hulegea, huchanganyikiwa, huweza kutapika au kupata degedege, na wakati mwingine ngozi hukauka badala ya kutoa jasho. Hapo ndipo desturi inapoweza kupotosha. Katika nchi yenye malaria, mtoto mwenye mwili wa moto na degedege hufikiriwa kuwa na homa, na dakika za kumpoza zinapotea katika kumfunika nguo.

Dunia ilijifunza mambo haya kwa misiba. Kiangazi cha 1998 watoto 11 walikufa Marekani ndani ya majuma machache baada ya kujifungia kwenye buti za magari, na kuanzia Septemba 2001 magari mapya yenye buti iliyofungwa yalilazimika kuwa na kishikio cha kufungulia kwa ndani, kinachong'aa gizani. Kishikio hicho kilitokana na sheria ya Marekani, kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani haliwezi kutegemewa kuwa nacho. Miaka hiyohiyo mifuko ya hewa ya mbele ilifanya watoto wahamishiwe kiti cha nyuma ili wasiumizwe nayo. Uamuzi ulikuwa sahihi na uliokoa maisha, lakini uliwaondoa watoto machoni pa dereva, na visa vya watoto kusahauliwa garini vikaongezeka. Hesabu zinazotunzwa nchini humo tangu 1998 zinaonyesha wastani wa vifo karibu 37 kwa mwaka, na zaidi ya 50 mwaka 2018 na tena 2019. Zaidi ya nusu ya watoto hao walisahauliwa na mtu aliyewapenda, na kama robo waliingia garini wenyewe.

Katika nchi za Ghuba, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, misiba iliyosikika zaidi ni ya mabasi ya shule. Mwaka 2014 mtoto wa chekechea alikufa Abu Dhabi baada ya kuachwa kwenye basi, na Septemba 2022 msichana wa miaka 4 alikufa vivyo hivyo Al Wakrah, Qatar. Mwezi huohuo mtoto wa miaka 3 alikufa katika basi la chekechea la Makinohara, Japani. Serikali ya Japani ikaamuru kuanzia Aprili 2023 mabasi ya chekechea yawekwe kifaa kinachomlazimisha dereva akague viti kabla ya kuondoka. Italia ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine: tangu Novemba 2019 kiti cha mtoto wa chini ya miaka 4 lazima kiwe na king'ora kinachomkumbusha dereva. Magari yanayouzwa Tanzania kwa bei ya mwalimu yaliundwa kabla ya maamuzi hayo.

Kinachotofautisha Muleba na nchi hizo ni namna mtoto anavyolelewa. Kumsahau kabisa ni vigumu pale ambapo mtoto mmoja ana nyanya, shangazi, dada wa kazi na majirani wanaomuuliza. Lakini mikono mingi huzaa kosa lake, kila mmoja akidhani mtoto yuko kwa mwenzake. Hilo hutokea hasa msibani na harusini, ambako magari hujaa uwanjani, wakubwa wana shughuli, na mtoto aliyelala huachwa garini ili asisumbuliwe. Hatari nyingine, ambayo huenda ni kubwa zaidi vijijini, ni ya kuingia mwenyewe. Uani au kando ya gereji hukosi gari bovu linalosubiri vipuri, milango yake haifungwi kwa ufunguo, na kwa watoto hilo ndilo gari la kucheza udereva. Mlango uliolegea ambao mtu mzima huufungua kwa teke huwa mzito kwa mtoto aliyebaki ndani. Ya tatu imekuja na shule za awali zinazofuata wanafunzi majumbani. Mtoto huchukuliwa kabla ya mapambazuko, hulala njiani, na basi likiegeshwa shuleni huenda asionekane nyuma ya kiti.

Sheria ya Tanzania imeyagusa haya kwa pembeni. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliandikwa kwa ajili ya mwendo, leseni na ubora wa gari, na haikuweka sharti la kiti cha mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya kutelekezwa na madhara, jambo linaloweza kujumuisha gari lililofungwa ingawa halitajwi. Ajali ya basi la Shule ya Lucky Vincent huko Karatu, tarehe 6 Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, iliamsha ukaguzi wa magari ya shule nchini kote. Msisitizo ulikuwa kwenye breki, matairi na idadi ya abiria, kama ilivyotarajiwa baada ya msiba wa barabarani. Gari lililoegeshwa halikuwa kwenye mjadala.

Hatua zinazotumika mahali pengine hazihitaji vifaa vya bei. Gari lililosimama hufungwa kwa ufunguo hata likiwa bovu, buti ikiwa imebanwa, na ufunguo huwekwa juu asikofika mtoto. Mtoto akipotea, magari yote ya jirani pamoja na buti zake hutazamwa mwanzo, sambamba na kisima na bwawa, kwa kuwa humo dakika ni chache. Dereva mwenye mtoto nyuma huweka hapohapo kitu ambacho hawezi kuondoka bila kukichukua, kama mkoba au simu. Katika basi la shule mhudumu huhesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka, hutembea hadi kiti cha mwisho na kuangalia uvungu wa viti. Mwalimu naye hupiga simu nyumbani asubuhi ileile mtoto akikosekana darasani. Anayeegesha uani huzunguka gari kabla ya kurudi nyuma, kama taniboi.

Mtoto akikutwa ndani ya gari la moto na ufunguo haupo, kioo kilicho mbali naye huvunjwa mara moja. Kioo cha pembeni huvunjika kirahisi kwenye kona yake. Mtoto hutolewa, huwekwa kivulini, huvuliwa nguo, humwagiwa maji ya kawaida mwilini na kupepewa bila kukoma. Kama yuko macho na anaweza kumeza, hupewa maji kidogokidogo. Aliyelegea au aliyepoteza fahamu hapewi chochote mdomoni, na kumpoza kunaendelea njiani hadi kituo cha afya, vioo vya gari linalompeleka vikiwa vimeshushwa.